Masikio ya Evaristo

Ersilia alinyamaza katikati ya mstari. Hakukohoa, hakuomba maji. Alifunga mdomo tu, akaweka kiganja juu ya piano, akamtazama Evaristo kwa macho ambayo mimi dada yake, niliyemlea tangu ana miaka sita, sikuwahi kuyaona.

"Evaristo, niambie."

"Nikuambie nini?"

"Usinizungushe. Unajua ninachouliza."

Ilikuwa tarehe kumi na sita Desemba, mwaka sitini na mbili, katika chumba cha mazoezi cha ukumbi wa opera, hapa Parma. Nje ukungu ulikuwa mzito hata nyumba za ng'ambo ya barabara hazionekani. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko la joto nikipunguza kiuno cha gauni la sehemu ya tatu ya opera, maana Ersilia alikonda tangu kiangazi na hakutaka kukiri kwamba amekonda. Zilibaki siku kumi kufika Santo Stefano, siku ya pili ya Krismasi, ambapo msimu wa opera hufunguliwa. Katika mji huu mtu anaweza kukosa misa ya Pasaka akasamehewa. Akikosa Santo Stefano, majirani wanaulizana kama bado yu hai.

Jana yake mkurugenzi wa ukumbi alikuja nyumbani na maua meupe na ule upole wa watu wanaoleta habari mbaya. "Bibi Bocchi," alimwambia Ersilia, "kama unajisikia umechoka, tutatangaza kwamba una mafua. Kuna binti wa Mantova, miaka ishirini na minne, ameshajifunza kila kitu. Nasema hivi kwa ajili ya heshima yako." Alitaka jibu kesho yake kabla ya saa sita mchana.

"Mkurugenzi ananiogopa," Ersilia aliendelea. "Dada yangu Delfina ananihurumia. Wa magazeti watanisifu hata nikibweka. Wewe hujawahi kunidanganya, Evaristo, hata siku moja. Ile noti ya juu, pale mwisho wa wimbo wa kuaga. Ipo au haipo?"

Evaristo Gandolfi hakujibu upesi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, nywele zimeanza kumkimbia utosini, na alivitazama vidole vyake juu ya piano kama vile ni vya mtu mwingine.

Ili uelewe kwa nini kimya kile kilinikata maini, lazima nirudi nyuma kidogo. Na nikirudi nyuma itabidi nijitaje na mimi, jambo ambalo silipendi.

Sisi ni watoto wa upande ule wa mto wanakokaa wafanyakazi. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na minane, Ersilia ana sita. Alipokua tukafanya kazi pamoja kiwanda cha nyanya, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Ersilia aliimba akimenya. Msimamizi hakumkataza kwa sababu akiimba, wanawake walimenya haraka. Siku moja tukamzika mwenzetu wa kiwandani, Ersilia akaimba kanisani, na kijana aliyekuwa akipiga kinanda akaacha kupiga. Padri alidhani kinanda kimeharibika. Kumbe kijana kasimama, anachungulia chini kutafuta mwenye sauti.

Huyo ndiye Evaristo. Alimfundisha miaka sita, bure, kwenye piano ya mama yake. Alimfundisha kupumua, kutamka, kusubiri. Na kila alipomaliza kuimba Ersilia aliuliza neno moja tu: "Je?" Evaristo akasema ukweli. "Umeshuka." "Umelia badala ya kuimba." "Umeimba vizuri, lakini umejua kwamba unaimba vizuri, ikaharibika." Siku alipoitikia kwa kichwa bila neno, Ersilia alirudi nyumbani akirukaruka barabarani.

Mwaka arobaini na sita, wiki moja baada ya Ersilia kuimba mara ya kwanza kama mwimbaji mkuu, katika ukumbi mdogo wa Fidenza, Evaristo alibisha hodi kwetu na chupa ya mvinyo. Baba naye alikuwa ameshafariki, hivyo wa kuombwa nilikuwa mimi.

"Dada Delfina, nimekuja kwa nia njema."

"Nia naiona, na suti naiona. Ya nani?"

"Ya binamu yangu."

"Basi keti vizuri usiikunje."

Nilimtania, lakini moyoni niliogopa. Nilishakataa wachumba wawili kwa ajili ya mtoto huyu. Akilini nikamwona na mimba, nikamwona na sufuria, sauti ile inafia jikoni. Nikasema maneno ambayo nimeyajutia kuliko yote niliyowahi kusema.

"Si sasa, Evaristo. Sauti haiwezi kungoja, wewe unaweza. Siku sauti itakapokwisha, njoo umchukue. Mashuka nitaleta mwenyewe."

Ersilia alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, mashavu yanamuwaka. Kama angepiga meza, kama angesema "namtaka leo," naapa angeondoka naye jioni ileile. Lakini Evaristo alikuwa mtu wa kusikiliza. Alinisikiliza mimi, akasema, "Nitangoja."

Akangoja miaka kumi na sita. Sisi tulikwenda Milano, Lisboni, Buenos Aires, kwa treni na kwa meli, mimi nyuma na masanduku. Watu walisimama kwenye viti kumshangilia. Bwana mmoja tajiri wa Lisboni alimpelekea kasuku aliyefundishwa kusema "Ersilia." Na kila msimu ulipoisha tulirudi Parma, na kabla hajavua koti alikwenda kwa Evaristo, akaimba, akauliza, "Je?" Wengine walimpigia makofi. Kwa Evaristo alikuja kusikilizwa. Mimi nilimwita Evaristo shemeji, kwa mzaha. Mzaha ukachakaa, na sisi tukachakaa nao.

Sasa turudi pale kwenye piano.

"Ipo," alisema Evaristo. "Imba."

"Kweli?"

"Imechoka kidogo. Pumzika siku mbili, itakuja. Imba, Ersilia."

Ersilia alifumba macho. Kitu fulani kilipita usoni pake, nikadhani ni furaha. Akainama, akambusu Evaristo pale penye upara mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kama wewe umesema ipo, basi ipo," alisema taratibu. "Nakwenda kumwambia mkurugenzi."

Mlango ulipofungwa niliweka sindano chini.

"Shemeji, umemdanganya."

Alifunga kifuniko cha piano polepole. "Umesikia na wewe?"

"Mimi si msomi wa muziki. Lakini nimesimama nyuma ya pazia miaka kumi na sita. Ile noti haipo tangu safari yetu ya mwisho ya Lisboni."

"Tangu Lisboni ilikuwa inakuja na kuondoka. Tangu Oktoba haiji tena."

"Sasa umemtuma akaaibike? Kwa nini?"

Ndipo alipogeuka. Sijawahi kumwona Evaristo amekasirika, na hata siku ile sijui kama ilikuwa hasira.

"Unaniuliza wewe? Sharti lilikuwa la nani, Dada Delfina? Miaka kumi na sita nimelala na maneno yako. Sasa nimwambie nini? 'Mpenzi, sauti imekwisha, twende kanisani'? Nimpelekee habari ya msiba nikiwa nimevaa suti ya harusi?"

"Ukweli ni ukweli, hata akiusema nani."

"Hata akiusema anayefaidika nao? Angenitazama maisha yake yote akijiuliza kama nilisikia kweli au nilichoka kungoja. Na mimi najiuliza vilevile." Sauti yake ilishuka. "Nakaa hapa nasikiliza noti ikikatika, na kuna kitu ndani yangu kinafurahi. Umenisikia? Kinafurahi. Nitayaaminije masikio kama haya?"

Niliokota sindano yangu.

"Mwambie wewe," alisema. "Wewe huna unachofaidi."

"Nitamwambia kesho."

Sikumwambia kesho, wala keshokutwa. Kila asubuhi nilikunywa kahawa mbele yake, nikayameza maneno pamoja na kahawa.

Santo Stefano ikafika. Onyesho lilianza saa kumi alasiri, ukumbi umejaa hadi kule juu kabisa kwenye roshani, wanakokaa wenyewe, wachinja nguruwe, mafundi viatu, wauza jibini, watu wanaoijua kila opera kwa moyo na wasiomhurumia mtu. Wameshawahi kumzomea mwimbaji mpaka akapanda treni bila kufuta vipodozi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikaenda. Ya tatu ndiyo ya kuaga, mke anasimama kwenye lango la gereza, mumewe anachukuliwa, naye anaimba mpaka pumzi inapoishia juu kabisa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika shali yake. Nilimwona akipanda. Mstari mmoja, mwingine, mwingine. Akafungua mdomo kwa ile ya mwisho, na kilichotoka kilikuwa hewa, kisha mkwaruzo, kisha hakuna.

Okestra ikaendelea peke yake kidogo, ikanyamaza.

Niliziba masikio nikisubiri miluzi. Haikuja. Halafu kule juu mwanamume mmoja akasema, si kwa kelele, kwa lafudhi yetu ya ng'ambo ya mto:

"Inatosha, Ersilia. Tulikupenda sana. Nenda nyumbani ukapumzike, mama."

Mtu mwingine akaanza kulia. Wakampigia makofi, makofi ya polepole, ya mazishini. Heri wangemzomea. Ningemshika mkono tukawatukana wote, tukacheka hata kwa machozi. Kwa huruma ile tungefanya nini?

Aliimba hadi mwisho, chini chini. Aliinama mbele ya watu mara moja tu. Chumbani nilimfungua gauni.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, alivaa koti lake la kijivu. "Twende kwa Evaristo," alisema.

Mlango ulifunguliwa na mama yake, Mama Cleofe, mwenye miaka sabini na minane na ulimi wa miaka ishirini. Alikuwa amevaa vazi la sikukuu. Mezani kitambaa cheupe, sahani nne, na bakuli kubwa la anolini, tambi ndogo zilizojazwa nyama, zikielea kwenye mchuzi wa jogoo, moshi unapanda.

"Ingia, Malkia wa Meli. Nilidhani utakuja na kasuku."

"Kasuku alikufa, Mama Cleofe."

"Afadhali. Alikuwa anaongea kuliko mimi. Kaeni, kaeni. Delfina, mbona umekunja uso, umekuja kunizika? Evaristo! Mkeo amefika!"

Lile neno "mkeo" lilianguka pale mezani, na hakuna aliyeliokota. Evaristo alitokea chumba cha ndani, hajanyoa. Ersilia hakuketi.

"Jana ulikuwepo," alimwambia.

"Nilikuwepo."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Siulizi jana. Jana hata viziwi walisikia. Nauliza siku ile ya mazoezi. Uliniambia ipo. Ulisikia nini?"

Evaristo alishika kiti. "Nilisikia haipo."

"Tangu lini?"

"Oktoba."

"Watoto," alisema Mama Cleofe, "mchuzi unapoa. Ugomvi haupoi, mtaukuta."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Miaka kumi na sita nasikia tafadhali! Wenzangu wana wajukuu wenye ndevu. Sauti imekwisha, tumesikitika, tumelia, sasa harusi. Si ndivyo mlivyokubaliana? Delfina, si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo nilivyosema," nilijibu, nikatamani sakafu ifunguke.

Ersilia hakutuangalia sisi. Alimkaribia Evaristo mpaka nikaona pumzi yake ikigusa kola ya shati la mwanamume yule.

"Kwa nini, Evaristo? Wewe, kwa nini?"

"Nilikuwa na faida. Ningesema haipo, ningekuwa nimejiposea mwenyewe. Ungefikiri..."

"Ningefikiri nini? Mimi ndiye wa kufikiri, si wewe! Ulipima mawazo yangu kabla sijayawaza?"

"Basi si hilo tu." Alijaribu tena. "Nilichoka, Ersilia. Nilichoka kuwa masikio. Unashuka kwenye treni, unaimba, unauliza, nakujibu, unaondoka. Maisha yangu yote nakuambia ulichokosea. Siku ile ulinitazama kama mtu anayezama, nami nikataka mara moja tu kuwa mwanamume wa kawaida, anayemwambia mpenzi wake maneno anayotaka kuyasikia."

Mama Cleofe aliweka kijiko chini, taratibu, bila mzaha.

Ersilia alitabasamu. Natamani asingetabasamu.

"Maneno niliyotaka kuyasikia," alisema. "Unajua nilitaka kusikia nini asubuhi ile? Nilitaka useme haipo."

"Ersilia..."

"Nilijua haipo! Ni koo langu, nisijue? Nilikuwa nimechoka, Evaristo. Nimechoka na hoteli, nimechoka kufunga shingo na skafu mwezi wa Julai, nimechoka kuogopa. Nilitaka mtu mmoja aniambie naweza kuacha. Mtu mmoja tu, na hakuna niliyemwamini isipokuwa wewe. Ungesema haipo, ningelia hapohapo juu ya piano, halafu ningekuambia, basi, nioe. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Nilikuwa nimeyashika hapa." Aligusa midomo yake. "Ukasema ipo. Nikajiambia, Evaristo hadanganyi, mimi ndiye mwoga. Nikaenda kuimba."

Evaristo aliketi.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza."

Alimwacha pale, akaenda ukutani kwenye piano ya zamani, ileile aliyojifunzia. Akafungua kifuniko.

"Njoo unipigie ile ya kuaga."

"Usijitese."

"Njoo."

Alikuja akijikokota. Akapiga. Ersilia aliimba amesimama nyuma yake, mikono kwenye mabega yake, kitu ambacho mwimbaji hakifanyi. Sijui niseme vipi. Ile sauti ya chini na ya katikati ilikuwa imeiva, nzito, ya mwanamke aliyeishi. Mama Cleofe, ambaye miaka yote alisema opera ni watu wazima kupiga kelele, alifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha meza. Ersilia akapanda, akapanda, akafika pale. Ikakatika palepale.

"Je?" aliuliza.

Evaristo aliondoa vidole kwenye piano. "Imekwisha," alisema. "Za juu zimekwisha, hazitarudi. Za katikati ni nzuri kuliko zilivyowahi kuwa. Lakini za juu zimekwisha, mpenzi wangu."

Ersilia aliitikia kwa kichwa.

"Asante," alisema, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Evaristo alinyanyuka ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Nimekuambia! Sasa nimekuambia! Sina cha kuficha tena. Kaa, Ersilia. Sikuombi harusi, nakuomba uketi tu ule."

"Nikiketi, nitaketi maisha. Ndiyo shida." Alimshika uso kwa mikono miwili. "Nakupenda, usidhani nimeacha. Lakini nitakuuliza kama chakula kina chumvi, na kabla hujajibu nitatazama vidole vyako. Nitakuuliza kama nimezeeka. Nitakuuliza kama una furaha. Kila mara nitatazama vidole vyako. Wewe utaona natazama. Tutaishije hivyo, Evaristo?"

"Watu wanaishi na makubwa kuliko hayo."

"Wanaishi. Lakini wao hawakuwa na kile tulichokuwa nacho sisi."

Alimbusu. Sikugeuza macho, Mungu anisamehe, nilitazama. Alimbusu kama mtu anayekunywa maji kabla ya safari ndefu. Kisha akamwinamia Mama Cleofe aliyekuwa ameduwaa kwenye kiti chake.

"Nisamehe, mama. Umehangaika na anolini."

"Nimewaambia majirani," alisema yule kikongwe kwa sauti ndogo. "Wote wa ngazi hii nimewaambia."

"Waambie nimekataa. Waambie nina kiburi. Watakuamini."

Tulishuka ngazi. Nyuma yetu sikusikia mlango wala hatua. Tulitembea hadi darajani, ukungu umeanza kushuka, mto chini hauonekani, unasikika tu. Katikati ya daraja Ersilia alisimama.

"Na wewe, Delfina? Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Angetaka kuniamini, na mimi ni dada yake, pengine angefaulu.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Lisboni. Na siku ile Evaristo aliniomba nikuambie. Nikasema kesho. Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kukuumiza."

"Delfina."

Alisema jina langu tu. Nikashika ukingo wa daraja, nilikuwa nasikia baridi hadi kwenye meno.

"Niliogopa utaolewa," nikasema. "Tangu siku ile ya suti ya binamu. Nilisema naogopea sauti yako. Uongo. Nina miaka hamsini na miwili, sijui kufanya kitu kingine chochote isipokuwa kuwa na wewe. Niliogopa utaolewa nibaki peke yangu."

Hakunipigia kelele. Alinifunga skafu vizuri shingoni, akaingiza ncha zake ndani ya koti langu, kwa makini, kama tunavyowafanyia watoto wadogo wakienda shule.

"Nenda nyumbani, dada," alisema. "Kuna baridi."

Yeye akageuka upande wa stesheni kuuliza saa za treni. Nilimtazama mpaka ukungu ukamchukua. Miguu yangu ilitaka kumfuata, nikaikatalia.

Aliondoka tarehe mbili Januari kwenda Trieste, ambako shule moja ya muziki ilikuwa inamtaka kwa muda mrefu. Anafundisha wasichana. Nasikia ni mkali, na kwamba hawadanganyi, na kwamba wanampenda kufa. Ananiandikia mara mbili kwa mwaka, barua za adabu, anauliza hali ya miguu yangu.

Jumapili nakwenda kula kwa akina Gandolfi. Tunakaa watatu. Mama Cleofe anatupakulia, anatutazama mmoja mmoja, halafu anauliza swali lilelile: "Hebu niambieni kabla sijafa, nani kati yenu alimfukuza yule mwanamke?"

Evaristo anajinyooshea kidole kifuani. Nami najinyooshea changu.

Kisha tunakula.